Motokaa Kubwa na Leseni ya Dereva Wake

Asubuhi na mapema, barabara itokayo Kahama kwenda Shinyanga huwa si ya motokaa peke yake. Watoto wa shule huifuata kwa miguu, wengine wamechukua fagio, wengine dumu la maji. Wanaume hupita juu ya baiskeli, huyu amefunga magunia ya mkaa, yule amepakia abiria, maana katika miji ile baiskeli ni chombo cha kuchukua watu kwa nauli, na wenyeji waliipa jina la daladala. Ng'ombe huvuka kwenda lamboni, na nyuma yao kijana mwenye fimbo, ambaye macho yake yako kwa ng'ombe wala si njiani. Mkokoteni huja polepole, hauna taa wala kengele. Hata inapotokea motokaa kubwa, nyeupe, iliyoinuka juu kuliko mtu aliyeketi juu ya baiskeli, wote hao hujitenga kando, na wengine huingia kabisa katika mashamba ya watu. Ikiisha kupita, hufuta vumbi machoni na kurudi njiani.

Motokaa za namna hiyo, ambazo nguvu ya injini huweza kupelekwa katika magurudumu yote manne, ni nyingi sana katika nchi ya Shinyanga na Geita, wala sababu yake si fahari tu. John Williamson alipata almasi Mwadui mwaka 1940. Baada ya miaka mingi ikafuata migodi mikubwa ya dhahabu: Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka 2009, nao ukafungwa mwaka 2021. Migodi haifanyiki pasipo motokaa za kupanda vilima na kupita matopeni. Lakini si wenye migodi tu wazitumiao. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, wafanya biashara wa Katoro, maofisa wa serikali, waganga wapelekao chanjo vijijini, wote huzihitaji. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga hushika gurudumu kama ulimbo ushikavyo ndege, na motokaa ndogo iliyoingia humo asubuhi huenda ikalala humo usiku. Mtu aliyemchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka kijiji cha mbali hatasahau ni motokaa gani iliyomfikisha hospitalini.

Watu wamezipa majina. Ile ya viti laini na vioo vyeusi huitwa shangingi. Ile ya kazi, yenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele kama mkono wa ndovu, huitwa mkonga. Majina haya yana mzaha ndani yake, lakini yana heshima pia, na katika heshima hiyo ndimo hatari inapojificha, kwa kuwa mtu hupewa usukani wa chombo hicho kana kwamba ni cheo alichopandishwa, wala hakuna amwulizaye kama amejifunza.

Basi neno linalobishaniwa ni hili: je, mtu aliyejaribiwa kwa motokaa ndogo na kupewa leseni, aachwe kuendesha hizo kubwa pasipo kujaribiwa tena?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na kanuni zake, imezigawa leseni kwa madaraja. Daraja A ni la pikipiki. Daraja B ni la motokaa za kawaida zisizo za biashara. Daraja C ni la wachukuao abiria, nalo limegawanywa tena kwa hesabu ya watu wanaochukuliwa. Daraja E ni la magari mazito, na daraja G ni la mitambo ya mashamba na migodi. Mpango huo ni mzuri, maana unakiri kwamba kujua kuendesha chombo kimoja si kujua kuendesha vyote. Walakini shangingi ya mtu binafsi imo katika daraja B, pamoja na motokaa ndogo kabisa iliyojaa barabara za mjini. Tena sheria hiyo huyawekea magari ya abiria, na magari ambayo uzito wake pamoja na mzigo wapita kilo 3,500, mpaka wa kilomita 80 kwa saa. Motokaa nyingi kubwa, hata zikijazwa watu na mizigo, hukomea chini kidogo ya hizo kilo 3,500. Kwa hiyo zimeponyoka pande zote mbili: kwa uzito zimetoka katika udogo, na kwa sheria hazijaingia katika ukubwa.

Mtu atasema kwamba usukani ni usukani, na breki ni breki. Si hivyo. Motokaa ndogo huwa na uzito wa tani moja na kitu. Shangingi tupu hupita tani mbili, na nyingine hukaribia tatu. Motokaa ikienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde hupita karibu mita 17. Ikienda kilomita 80, hupita mita 22. Dereva aonapo mbuzi mbele yake, sekunde nzima huweza kupita kabla mguu wake haujaikanyaga breki, na hapo motokaa imekwisha kula urefu wa darasa mbili. Kisha huja safari ya kusimama kwenyewe, nayo haiongezeki kwa kadiri ya mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, urefu wa kusimama huzidi mara nne. Juu ya changarawe huwa mrefu zaidi, kwa kuwa gurudumu lililokazwa huteleza juu ya vijiwe kama mtu akanyagaye punje za mahindi sakafuni.

Tena liko kosa moja ambalo madereva wengi hulifanya, hata wenye akili. Wameona jinsi magurudumu manne yenye nguvu yavutavyo motokaa kutoka matopeni, wakadhani kwamba magurudumu hayo husaidia kusimama pia. Nguvu ya injini katika magurudumu manne husaidia kuondoka, na kupanda, na kuvuta. Katika kusimama haina msaada wowote, maana motokaa zote, kubwa na ndogo, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Basi dereva huyo hupita kwa mwendo mkali mahali ambapo mwenye motokaa ndogo angeogopa, na anapotaka kusimama ndipo agunduapo kwamba anacho kitu kizito zaidi, na juu ya utelezi ule ule.

Tena ni ndefu. Kitu kirefu huanguka upesi kuliko kifupi, kama kila mtoto aliyepanga mawe ajuavyo. Tarehe 4 Agosti 2018, huko Magugu katika mkoa wa Manyara, motokaa iliyomchukua Waziri wa Maliasili na Utalii, Hamisi Kigwangalla, ilipinduka. Ofisa habari wa wizara alikufa, na waziri mwenyewe akaumia. Habari zilizotangazwa zilisema ya kuwa dereva alikuwa akimkwepa twiga. Hapana sababu ya kudhani kwamba dereva wa waziri hakujua kazi yake. Twiga hamwulizi mtu leseni. Lakini ikiwa dereva wa namna hiyo aweza kupinduka kwa kukwepa, itakuwaje kwa kijana aliyefundishwa majuma machache kwa motokaa ndogo, akaajiriwa, akapewa mkonga na kuambiwa aende Kakola upesi? Huko njiani hakuna twiga, lakini ng'ombe wako, na ng'ombe wa Wasukuma hawapishi mtu.

Walio katika hatari kubwa zaidi hawamo ndani ya motokaa, bali wako chini. Motokaa ndogo ikimgonga mtu, aghalabu humpiga miguuni, naye huangukia juu ya boneti. Huumia, lakini huenda akapona. Motokaa ndefu yenye uso wa wima humpiga mtu mzima kiunoni, na mtoto humpiga kifuani au kichwani, ikamwangusha mbele ya magurudumu. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo IIHS, inayolipiwa gharama zake na makampuni ya bima, ilichungua karibu ajali 18,000 za watu waliogongwa wakienda kwa miguu. Ikaona kwamba motokaa ambazo boneti yake imeinuka zaidi ya mita moja zaelekea kuua kwa kiasi cha 45 katika mia zaidi ya zile zenye boneti fupi iliyoinama. Na huko Marekani watu wengi hukaa ndani ya motokaa. Katika nchi ya Geita na Shinyanga wengi wako nje.

Sasa na litazamwe jambo moja la ajabu. Katika migodi mikubwa ya wazi ya ulimwengu, na ya nchi hii pia, leseni ya serikali peke yake haimruhusu mtu kuendesha hata mkonga ndani ya uzio. Hufundishwa tena, hujaribiwa tena, hupewa ruhusa ya mgodi iliyoandikwa aina ya chombo anachoruhusiwa. Motokaa yake huwekwa taa ya kumweka juu, na bendera juu ya mti mrefu. Chombo kidogo huhesabu mwendo wake, na akizidisha, ruhusa huondolewa. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu huko ndani yako magari ya kuchukua mawe yenye dhahabu, ambayo kila moja huchukua zaidi ya tani 100 kwa safari moja, na dereva wake ameketi juu sana kama mtu aliye orofani. Mbele ya gari hilo, mkonga ni kitu kidogo. Hauonekani, na ukikanyagwa huwa bapa kama kopo.

Yaani ndani ya mgodi, mkonga uko mahali pa mtoto wa shule. Watu wakaona kwamba kilicho kidogo hakina budi kulindwa, na kwamba aliye juu hana budi kufundishwa asiyoyaona. Wakaandika sheria, wakazishika. Kisha motokaa hiyo hiyo hutoka langoni, bendera hushushwa, taa huzimwa, na sasa yenyewe ndiyo iliyo juu, na wadogo ni wale wenye vitabu na madumu. Hapo ruhusa ya pili haihitajiwi tena. Hekima iliyowekwa kwa ajili ya chuma hukoma langoni, na zaidi ya lango kuna watu.

Wako wanaopinga, na maneno yao si ya kupuuzwa. Wasema kwanza kwamba pikipiki zimejeruhi watu wengi sana, na wengi wa waendeshao hawana leseni yo yote; basi kwa nini kuanza na wakubwa? Hilo ni kweli kwa habari ya pikipiki. Lakini nyumba ikivuja mahali pawili, mtu haachi kuziba pamoja kwa sababu pengine pavuja zaidi. Tena kosa la mwenye pikipiki mara nyingi humrudia mwenyewe. Kosa la mwenye tani mbili na nusu humwangukia mwingine.

Wasema pia kwamba leseni mpya itakuwa mlango mpya wa hongo. Neno hili ni zito kuliko la kwanza, wala halina jibu la kufurahisha. Cheti kilichonunuliwa ni kibaya kuliko kukosa cheti, kwa kuwa chamfanya asiyejua adhaniwe kuwa ajua. Kama jaribio jipya litakuwa ni kuandika jina na kulipa fedha, afadhali lisianzishwe kamwe. Litafaa tu likifanywa mbele ya watu, mahali pa wazi, juu ya motokaa yenyewe, ambapo hata mpita njia aweza kuona kama mtu ameshinda au ameshindwa.

Wengine huogopa kwa ajili ya wagonjwa. Zahanati ya mbali ina dereva mmoja, naye akizuiwa kwa kukosa karatasi, nani atamchukua mama mwenye uchungu? Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni kuwapa walio kazini muda wa miaka miwili au mitatu, na gharama ya madereva wa hospitali ilipwe na waliowaajiri, si kutoka katika mshahara wao mdogo. Tena madereva hao hao, ambao huenda usiku, katika mvua, na roho ya mtu nyuma yao, wana haki ya kufundishwa kuliko wengine wote. Wengi wao walijifunza kuvuka mto uliofurika kwa kuvuka mto uliofurika.

Lakini pingamizi kubwa kuliko zote husemwa kwa sauti ndogo, maana lawahusu wakubwa. Wajuao mambo ya barabarani husema kwamba mwendo wa shangingi hauchaguliwi na mguu wa dereva. Huchaguliwa na bwana aketiye nyuma. Bwana ana mkutano Mwanza saa nne, naye ameondoka Kahama amechelewa. Dereva akipunguza mwendo Tinde, aulizwa kama amesinzia. Akipunguza tena Maganzo, aambiwa kwamba wako vijana wengi watafutao kazi. Basi leseni ya peke yake itamfaa nini mtu kama huyo, ambaye ajua lililo jema lakini hana uwezo wa kulitenda?

Itamfaa kwa njia moja, nayo ndiyo sababu kubwa ya kuitaka. Dereva wa mgodini, ndani ya uzio, hahimizwi hivyo, kwa kuwa mkubwa wake ajua ya kuwa ruhusa ikiondolewa, dereva hatakuwa dereva tena, na mkubwa mwenyewe ataulizwa. Leo dereva wa njiani akikamatwa kwa mwendo hulipa faini, au hulipiwa, na safari huendelea. Faini imekuwa kama nauli tu. Lakini kama ana alama katika leseni yake iliyopatikana kwa taabu, iwezayo kuondolewa kwa kosa la pili, na isiyorudishwa pasipo jaribio jipya, basi ana neno la kumjibu bwana wake: "Mzee, nikiipoteza hii, kesho hutakuwa na mtu wa kukuendesha." Neno hilo halina utovu wa adabu ndani yake, na hata bwana mwenye haraka aweza kulielewa.

Nchi nyingine zimejaribu njia zao. Huko Uingereza, aliyefaulu jaribio la motokaa tangu tarehe 1 Januari 1997, kwa kawaida haruhusiwi kuendesha gari lipitalo kilo 3,500 mpaka ajaribiwe tena. Mpaka huo ni ule ule uliotajwa juu, na shangingi hupita chini yake huko kama huku. Mjini Paris, tarehe 4 Februari 2024, wenyeji waliopiga kura walikubali kwamba motokaa nzito za watu wasio wa mji zitozwe mara tatu zinaposimamishwa mjini. Dawa hiyo hugusa mfuko. Mwenye mfuko mnene hulipa akaendelea. Kwa barabara ya Kahama haingefaa, maana hatari yake haiko mahali motokaa zinaposimama.

Kwa hiyo lifaalo si daraja jipya lenye kitabu chake na ofisi yake. Yatosha alama moja katika leseni ya kawaida, ipewayo mtu baada ya siku chache za mafunzo na jaribio moja, na ihusuyo motokaa zipitazo tani mbili zikiwa tupu. Zile ndogo, ambazo zina magurudumu manne ya nguvu lakini ni nyepesi na fupi, na ziachwe. Si hesabu ya magurudumu iuayo, ni uzito na urefu pamoja na mwendo. Mafunzo yasifanyike Dar es Salaam, ambako kijana wa Nyarugusu angetumia mshahara wa mwezi kwa nauli tu. Yafanyike Shinyanga, ambako chuo cha VETA kipo tayari, na Geita. Na walimu wasitafutwe mbali: wako watu waliofundisha madereva miaka mingi ndani ya Buzwagi kabla mgodi haujafungwa, na ujuzi wao haukufungwa pamoja nao.

Jaribio lenyewe halihitaji vyombo vya gharama. Dereva na asimamishe motokaa juu ya changarawe kutoka mwendo wa kilomita 50, kisha ashuke na kupima kwa hatua zake mwenyewe urefu alioutumia. Aeleze ni wakati gani magurudumu ya mbele yafungwe kupokea nguvu, na kwa nini yasiachwe hivyo juu ya lami kavu. Apakie mizigo juu ya paa, kisha aseme motokaa imebadilikaje. Mwisho aketi mahali pake, mikono juu ya usukani, na mtu mwingine asimamishe fimbo mbele ya boneti, karibu kabisa, halafu airudishe nyuma hatua kwa hatua, mpaka dereva aseme ameiona ncha yake. Fimbo hiyo ikatwe kwa urefu wa mtoto wa darasa la kwanza.